Waliowahi kula sikukuu na familia ya Kichina, shukrani mlionyeshaje? Tupeane uzoefu

Mpiga_Kasia:
Wakuu habari za jioni. Niko Wuhan nasoma, huu mwaka wa tatu, sasa mwaka mpya wao uliopita jamaa yangu wa darasani akanibeba mpaka kwao kijijini Hunan tukale ule mlo wa mkesha. Aisee pilipili ya Hunan msiichukulie poa, nililia mbele ya ukoo mzima. Nimekaa pembeni ya bibi yake, kila nikimeza kipande anaweka kingine kwenye bakuli langu, na mimi malezi ya kwetu, xiexie (asante), xiexie, xiexie. Bibi akalaza vijiti akamuuliza mjukuu wake kitu kwa kilugha, jamaa akacheka kinoma, eti "bibi anauliza mbona unamshukuru kama muuza duka". Kumbe wenyewe kwa wenyewe nyumbani hawashukuriani hivyo, ukizidisha unaonekana unajitenga. Basi unashukuru kwa kula. Ila ukimaliza bakuli linajazwa tena, nikajifunza kubakiza wali kidogo chini ndo nikapona. Nyie yaliwakuta yapi?

Mama_Mapacha:
Mimi nimeolewa hukohuko, Foshan, mwaka wa sita. Mama mkwe hajawahi kunitamkia kwamba ananipenda na wala sisubiri, ila nikikaa tu huyo anakuja na balungi kalimenya mpaka ile ngozi nyembamba ya kila pingili katoa yote. Na mimi namjibu hivyohivyo, chai namimina yake kwanza, samaki namwekea ile nyama ya tumboni. Nilipochemka ni zawadi ya kwanza. Nilibeba saa ya ukutani ya mpingo, nimeinunua Mwenge kwa wachongaji, naona nimepatia kweli. Sebule ikanyamaza. Kwa Kichina kumpa mtu saa kunatamkwa sawa na kumsindikiza anayekata roho, na mimi nimempa mzee wa miaka 70! Baba mkwe akaingiza mkono mfukoni akanipa sarafu ya yuan 1, eti nimeinunua hiyo, sio zawadi tena. Ipo ukutani mpaka leo.

Chuma_Chakavu:
@Mama_Mapacha nimecheka hapa kwenye daladala watu wananiangalia 😂

Mimi Changchun, huko baridi ni hasi 20 na mkesha wote mnakaa mezani mnakunja jiaozi, vile vitumbua vya unga vyenye nyama ndani vinavyochemshwa. Zangu zilikuwa mbaya jamani, zikapasuka kwenye sufuria. Nikasema "zimepasuka", shangazi mtu akaniziba mdomo, siku hiyo hilo neno halisemwi, unasema zimepata, yaani zimechuma hela. Alafu wakala zile zangu kwanza, hiyo ndo ilinigusa. Kwenye kugonga glasi na mzee hakikisha yako iko chini ya yake, nilishusha, babu naye kwa heshima akashusha, nikashusha, tumekuja kugongea karibu na sakafu.

Binti_wa_Pangani:
Samahani wakuu, naenda kwa wakwe watarajiwa Januari, Guangzhou. Nibebe nini? Na zile bahasha nyekundu za hela wakinipa nifanyeje?

Mama_Mapacha:
Mdogo wangu, beba korosho na kahawa nzuri, pakiti 2 au 6, usipeleke 4 maana 4 na kifo vinafanana kwa sauti. Watakataa, sukuma tena, watakataa tena, ndo heshima yao hiyo. Bahasha unapokea kwa mikono miwili na huifungui mbele yao hata ukisikia imenona. Ukiingia mlangoni salimia kila mkubwa kwa cheo chake, babu, bibi, shangazi, usiruke hata mmoja, hapo ndo wanakupima. Mtu akikumiminia chai gonga meza na vidole viwili, kwa watu wa Guangdong hiyo ndo asante yenyewe. Na samaki wa mkesha usimmalize! Neno samaki na neno la kubakiza yanatamkwa sawa, anabaki hadi kesho.

Mpiga_Kasia:
Mungu wangu. Mi nilimmaliza mpaka kichwa.