GTA VI ikija, watoto waingie vibandani au wasiingie? Wana Mwanza tuamue mapema

Wadau wa gemu, wazazi na wenye vibanda vya gemu, nawasalimu. Naleta hoja ambayo tumekuwa tukiikwepa kwa sababu ya shamrashamra. Rockstar, kampuni inayotengeneza Grand Theft Auto (GTA), zile gemu za uhalifu mtaani, wametangaza kwamba ya sita, GTA VI, itatoka tarehe 19 Novemba 2026. Ikitoka, wengi wetu hapa Mwanza tutaiona kibandani kabla ya kuiona sebuleni kwa mtu. Swali langu ni hili: mtoto wa chini ya miaka 18 aruhusiwe kuicheza pale, au hata kusimama kuitazama? Mimi nasema hapana. Na nasema utaratibu huo tuuweke wenyewe, sasa hivi tukiwa bado tunasubiri, kabla hajaja mtu mwingine kutuwekea.

Kwa ambaye hajafuatilia: GTA V ilitoka Septemba 2013. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, kama hakukwama popote, 2026 ni mwaka wake wa kumaliza kidato cha sita. Desemba 2023 ikaja trela ya kwanza ya VI, ikatazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 90 ndani ya saa 24. Tukaambiwa gemu yenyewe ni 2025. Mei 2025 wakaisogeza hadi 26 Mei 2026, na Novemba 2025 wakaisogeza tena hadi tarehe tuliyonayo sasa. Wanasema wanataka muda zaidi wa kuikamilisha vizuri. Kwa hilo sina ugomvi nao. Gemu nyingine, Cyberpunk 2077, ilitolewa Desemba 2020 ikiwa mbichi, kwenye PlayStation 4 (PS4) ilikuwa haichezeki, na Sony wenye PlayStation wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni wiki moja tu baadaye. Ilirudi Juni 2021. Bora tusubiri.

Na kusubiri kwenyewe kumekuwa shughuli. Kuna mashabiki huko duniani waliochora ramani ya Leonida, lile jimbo la kubuni lililoigwa Florida, kwa kuunganisha vipande vya trela kimoja kimoja. Kuna waliohesabu matundu ya risasi kwenye gari wakitafuta tarehe iliyofichwa. Wengine walifuatilia picha za mwezi kwenye matangazo ya Rockstar, wakiamini kila umbo la mwezi lina siku yake. Papa mpya alipochaguliwa Mei 2025, watu wakaandika kwamba tumepata Papa kabla ya GTA VI. Mwezi uliofuata likafunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, na vijana wa huku nao wakapata la kwao: daraja limeisha, tunavuka kwa gari bila kivuko, gemu bado.

Nayapenda haya yote. Kusubiri hakuna kiingilio. Mwenye PS5 nyumbani kwake Capripoint na dogo asiye na hata simu wanasubiri kitu kimoja, wanabishana kwa usawa, na mara nyingi dogo ndiye anayejua zaidi. Nimesikia vijana wa Igombe wakibishana kuhusu boti za kwenye trela: injini imekaa wapi, mawimbi yanavunjikaje ubavuni, kama huyo dereva angepona akikutana na upepo wa ziwa letu. Hao wanajua wanachosema, maana wamekulia majini. Yule mamba anayeingia dukani kwenye trela ya kwanza alijadiliwa jioni nzima.

Kuna jambo nalisema harakaharaka kwa sababu wadogo zetu wanaibiwa. Gemu imetangazwa kwa mashine za PS5 na Xbox Series X na S. Simu haimo, PS4 haimo, na kompyuta haikutajwa kwenye tangazo la tarehe. Anayekuuzia CD ya PS2 yenye karatasi ya "GTA 6" anakuuzia San Andreas, ile GTA ya zamani, iliyobadilishwa sura. Na faili linalokuomba ulipakue kwenye simu ni mtego.

Sasa turudi kwenye hoja.

Kibanda kimoja maeneo ya Mabatini kina runinga tatu. Mbili ni za mpira: aliyefungwa analipa, mshindi anabaki kwenye pedi, kile kidude cha kuchezea. Ya tatu iko kwenye kona, PS2 ya siku nyingi, San Andreas ndani yake. Mvulana mwenye kaptula ya shule ya msingi ameshika pedi, anabonya kodi ya siri bila kuangalia vidole vyake: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Pesa za CJ, mhusika anayemchezesha, zinaruka robo milioni ya dola, afya inajaa, anaingia mtaani na bunduki. Nyuma yake wamesimama wenzake wanne watano, mmoja ana beseni la karanga alilotumwa kuuza. Aliyeshika pedi kalipa jero. Wanaotazama hawajalipa kitu, na hakuna aliyewauliza umri.

Kundi lile la nyuma ndilo linalonisumbua kuliko mwenye pedi. GTA V ilipewa alama ya M kule Marekani, yaani miaka 17 na kuendelea, na 18 kwa nchi nyingi za Ulaya. Sidhani kama yupo mtu makini anayetegemea VI ishuke chini ya hapo. Lakini alama hiyo imetungwa kwa mazingira fulani: mzazi yuko dukani, kasha liko mkononi mwake, anasoma, analipa, anaondoka nalo nyumbani. Kwetu anayeliona kasha ni mwenye kibanda peke yake. Mzazi hajawahi kulishika, na pengine hajui hata jina la gemu. Gemu moja inachezwa na mmoja, inatazamwa na kumi, mlango uko wazi, na sauti inafika barabarani. Kwa hiyo ile alama kwetu hailindi mtu mpaka mwenye kibanda aamue kuifanyia kazi. Filamu zina Bodi ya Filamu inayozipanga kwa umri, na ukumbini bango unaliona. Kwenye vibanda nilivyozunguka mimi, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, sijaona bango la umri ukutani.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia ana kwa ana.

La kwanza ni la wasomi wetu wa pale Malimbe, chuoni SAUT. Wananiambia mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15 zaidi ya elfu moja, na hawakuona kwamba gemu za vurugu zinawafanya wawe wakorofi zaidi. Ni kweli, utafiti huo upo, na naukubali. Sijasema dogo akicheza GTA atatoka na panga. Lakini ule utafiti ulipima ukorofi. Haukuniambia kama mtoto wa miaka tisa anapaswa kuona klabu za wanawake wanaovua nguo. Na GTA V ina kazi moja ambayo mchezaji mwenyewe anachagua kifaa cha kumtesea mtu aliyefungwa kwenye kiti, kisha anazungusha pedi kukitumia. Aliyefika pale anajua ninachosema. Mtu mzima ataielewa kama simulizi na atakasirika panapostahili. Mtoto aliyesimama nyuma na beseni la karanga anaona tu kwamba kaka zake wanacheka.

La pili ni la rika langu: "Mbona sisi tulicheza San Andreas tukiwa wadogo na tuko salama?" San Andreas ni ya 2004. Watu wake walikuwa na vidole vilivyoshikamana. Hii inayokuja, kwenye trela ya pili unaona jasho na vinyweleo kwenye ngozi ya Jason na Lucia, wahusika wakuu. Na hata hiyo ya zamani haikuwa salama kama tunavyoikumbuka: Julai 2005 ilipandishwa kule Marekani kutoka M hadi ya watu wazima pekee, baada ya kugundulika kuwa ndani yake kuna sehemu ya ngono iliyofichwa. Sisi tulikuwa tunaicheza mchana kweupe, wadogo zetu wako mapajani.

La tatu linatoka upande wa pili kabisa, na hili linastahili heshima. Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni aliniita baada ya kusikia nazungumzia gemu na mtoto wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'wanawane, hayo mabanda yenu mtayafunga lini? Chenji ya dagaa inaishia huko. Natoka alfajiri kununua mzigo, narudi jua limezama, mtoto sijui alikuwa wapi."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sehemu kubwa ya anachosema ni kweli. Mtoto mwenye sare kibandani saa nne asubuhi ni kosa la mwenye kibanda, halina utetezi. Shirika la Afya Duniani nalo limeshaweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini kufunga vyote siungi mkono. Huyo mama harudi mpaka magharibi. Kibanda kikifungwa, mtoto hahamii kwenye daftari. Anahamia kwenye simu ya kaka yake, kwenye kona ambayo hakuna mtu mzima hata mmoja. Kibandani angalau kuna mwenye kibanda, na mwenye kibanda tunaweza kumbana. Mechi ya mpira kwenye runinga, Simba na Yanga wakitaniana, jero mkononi baada ya shule, sioni ubaya wake.

Anayebanwa kweli katika jambo hili ni mwenye kibanda, na naomba tusimgeuze kuwa adui. PS2 ilikuwa inachipwa, yaani inafungwa chipu ili isome CD za kunakili, na CD ya kunakili unaipata kwa bei ya soda, ukipoteza unapoteza kidogo. PS5 hapa mjini inazidi milioni, na gemu yenyewe lazima uinunue halali. Umeme ukikatika jioni ya Jumamosi, mauzo ya wiki yameondoka. Na gemu ya mpira inaingiza hela kila baada ya dakika chache, wakati GTA mtu anakaa saa nzima. Kijana aliyekopa kwenye kikundi ili awe wa kwanza mtaani kuileta, siku ya kwanza watoto watajaa mlangoni na hela zao mkononi. Kumwambia awafukuze ni kumwambia apoteze nusu ya hela ya marejesho ya mkopo. Asimame peke yake kwenye msimamo huo wakati jirani yake anawaingiza? Hawezi. Ndiyo maana nasema utaratibu uwe wa vibanda vyote vya mtaa kwa pamoja, ama usiwepo.

Pendekezo langu. Wenye vibanda wa mtaa mmoja wakae na mwenyekiti wao wa serikali ya mtaa kabla ya Novemba. Wakubaliane GTA VI ichezwe kuanzia saa mbili usiku, na wa miaka 18 na kuendelea tu. Runinga yake igeuziwe ukuta wa ndani au iwekewe pazia, isionekane mlangoni. Bango liandikwe kwa Kiswahili kikubwa. Mchana, baada ya masomo, pedi zote ziwe za mpira, mbio za magari na mieleka. Na miezi hii tunayosubiri tuitumie kuanzisha ligi ya watoto ya gemu ya mpira, Igoma wakutane na Nyakato, Kirumba wakutane na Pansiansi. Wakati huo GTA ikija, dogo hatakuwa amenyang'anywa kitu, ana ligi yake na ana msimamo wa kuutazama. Wanaosema "tutaangalia ikifika" nawapinga kabisa. Ikifika, wote tutakuwa tumeshika pedi, hakuna atakayekubali kuinuka kwenda kwenye kikao. Na mgambo wakitangulia kuliko sisi, watabeba runinga zote, za mpira zikiwemo.

Sehemu ambayo bado inanipa shida ni mlangoni. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, kadi ya mpiga kura kwa anayekuwa amefikisha umri huo siku ya uchaguzi, kwa hiyo mwenye kimojawapo hana mjadala. Lakini vijana wengi wa miaka 19 na 20 kadi hawana bado, wanatembea na namba tu ya NIDA kwenye simu, na namba ya kaka yake mtu yeyote anaweza kuikariri. Wengine mnasema mtaani tunajuana, mwenye kibanda anajua nani yuko darasa la ngapi. Mabatini labda, ila Buhongwa na Mkolani ambako watu wanahamia kila mwezi? Wenye vibanda wa huko, mngemtambuaje? Na hiyo saa mbili usiku inawafaa, au mnataka tuanze mapema zaidi?