Tupeane uzoefu: majengo ya kutembelea Ahmedabad, mliosoma au kupeleka wagonjwa kule njooni hapa

Mzawa wa Ngamiani
Wakuu, leo nimekutana na picha ya lile dirisha la mti la msikiti wa Sidi Saiyyed nikakumbuka mbali sana. Watu wetu wanaenda Ahmedabad, jimbo la Gujarat kule India, kila mwaka, wengine shule, wengine vitambaa, wengine matibabu, halafu wanarudi wameona hosteli na hospitali basi. Ule msikiti uko pale Lal Darwaza katikati ya foleni, mdogo, unaweza kuupita na bajaji usijue. Ulijengwa 1572 mpaka 1573 na Sidi Saiyyed, Mhabeshi, Mwafrika kabisa. Nenda saa kumi na moja jioni, madirisha yako ukuta wa magharibi kwa hiyo jua linapenya kwenye jiwe lililotobolewa, shina la mti, matawi yamejisokota, mtende pembeni, yaani kila jani unaliona na mwanga wake. Haya, jengo gani lilikugusa na lipi lilikutesa?

Dada Mkubwa
Lile dirisha jamani. Niliganda pale mpaka mwenzangu akanivuta mkono.

Kijana wa Posta
Ahmedabad joto na vumbi tu, ukipata nafasi panda treni nenda Agra ukaone Taj Mahal.

Mzawa wa Ngamiani
Mkuu mada ni Ahmedabad. Huu ndio mji wa kwanza India kuingizwa mzima kwenye urithi wa dunia na UNESCO, 2017. Taj Mahal hakuna aliyeikataza.

Baharia
Kwanza huyo Sidi Saiyyed alikuwa Mswahili mwenzetu wa pwani, semeni ukweli.

Mwalimu Mstaafu
Hapana ndugu yangu. Habashi ni upande wa Ethiopia. Masidi, wale Wahindi wa Gujarat wenye asili ya Afrika, wametoka sehemu nyingi za Afrika na wapo waliotoka pwani yetu, ila huyu anatajwa kama Mhabeshi. Tusiwapore Waethiopia mtu wao.

Baharia
Afrika ni moja mwalimu.

Mwalimu Mstaafu
Ni moja, lakini historia iandikwe sawasawa.

Mama Forodhani
Mimi nilimpeleka mume wangu kutibiwa. Alipopata nafuu tukafanya ile matembezi ya asubuhi inayoanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur mpaka Jama Masjid. Mnapita kwenye pol, vile vimtaa vyenye lango moja, nyumba za mbao zina nakshi mpaka kwenye vishikizo vya paa, chini ya ua kuna tangi la kuhifadhia maji ya mvua, na njiani kuna chabutro, nguzo yenye kibanda juu ya kulishia ndege. Kwa mtu wa Mji Mkongwe utasikia nyumbani, maana milango yetu mingi ina mkono wa mafundi wa Kigujarati. Jama Masjid ni ya 1424, nguzo 260, minara yake iliangushwa na tetemeko la 1819. Mume wangu alikaa kwenye kivuli cha zile nguzo akasema leo ndiyo nimepona.

Fundi Zege
Mmemwacha msanifu majengo Louis Kahn? Chuo chake cha usimamizi cha IIM, matofali matupu, matao ya duara makubwa kuliko nyumba. Ombeni kibali kabla ya kwenda, siyo sehemu ya kujiingilia. Na jengo la chama cha wenye viwanda vya nguo alilolibuni msanifu Le Corbusier, 1954, pale Ashram Road, zege limepangwa kwa kukingia jua na kupitisha upepo wa mtoni. Mafundi wetu wa vioo vitupu Dar wakajifunze pale.

Mtoto wa Kihesa
Sikilizeni hii. Tarehe 14 Januari kule ni Uttarayan, sikukuu ya tiara, mji mzima uko juu ya mapaa. Sisi tukaona barabara nyeupe leo, tutoke Jama Masjid twende Sarkhej Roza, yale makaburi na msikiti wa zamani, kwa pikipiki, rafiki yangu anaendesha mimi nyuma, tuko darajani nikasikia kafunga breki ghafla na mkono mmoja kaachia usukani, kumbe uzi wa tiara umemshika shingoni na ule uzi umepakwa unga wa chupa, ni wembe, alivyouvuta ukamkata vidole viwili na shingo inachuruzika damu mpaka kwenye kola, mimi napiga kelele kwa Kiswahili, watu juu ya mapaa wanashangilia tiara iliyokatwa hawajui kinachoendelea chini. Muuza mboga mmoja akaacha mkokoteni, akavua kitambaa chake cha kichwani akambana nacho, akasimamisha bajaji na akapanda na sisi mpaka hospitali. Alishonwa, daktari akasema ingezama kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Yule mzee hakutaka hata nauli ya kurudi.

Dada Mkubwa
Mungu wangu. Shingo ilipona?

Mtoto wa Kihesa
Alipona, kovu lipo. Mwezi wa pili tukaenda Sarkhej kwa bajaji. Kaburi la Sheikh Ahmed Khattu, bwawa kubwa la ngazi, nguzo kila upande, Mahmud Begada, sultani wa zamani wa Gujarat, naye kazikwa pale.

Baharia
Dawa ni kufunga skafu nzito shingoni.

Kijana wa Posta
Skafu peke yake haitoshi, funga ule waya wa chuma mbele ya pikipiki kama wenyeji.

Mama Forodhani
Dawa ni kutopanda pikipiki siku hiyo, kaeni kwenye paa mle undhiyu, ule mchanganyiko wa mboga wa Kigujarati.

Binti Pangani
Poleni. Naomba msaada, nipo kule na mama, kafanyiwa kliniki, tuna siku moja kabla ya ndege na magoti yanamsumbua. Tuanzie wapi?

Fundi Zege
Adalaj, kisima cha ngazi cha 1499, chini ghorofa tano.

Mwalimu Mstaafu
Ngazi zote zile na magoti? Mwacheni mama wa watu.

Mzawa wa Ngamiani
Binti, asubuhi kabla ya jua kali mpeleke Sabarmati, makazi ya Gandhi kuanzia 1917, jumba la makumbusho alilolibuni msanifu Charles Correa ni la chini, lina hewa na sehemu za kukaa. Mchana apumzike. Saa kumi na moja Sidi Saiyyed. Adalaj iacheni mpaka safari nyingine mkirudi kliniki, dereva awasubiri, mama akae juu kwenye kivuli, wewe shuka.