Kuwasha na kuzima taa za volti 12 kwenye nyumba isiyo na gridi: swichi ya kawaida, relei au Wi-Fi?

Mjenzi_Mpya

Wanajukwaa, habari zenu. Nyumba yangu imefikia hatua ya kupitisha nyaya kabla ya plasta, na umeme wake wote utatoka kwenye paneli za jua na betri ya volti 12. Taa ni nane za LED, kila moja ya wati 5, na za mbali kabisa ziko mita 20 kutoka kwenye betri. Nimebaki na njia tatu: swichi za kawaida za ukutani zinazokata waya wa taa moja kwa moja, vitufe vidogo vya ukutani vinavyoamrisha relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zilizokusanywa kwenye boksi moja karibu na betri, au vifaa vya Wi-Fi vitakavyoniwezesha kuwasha taa kwa simu. Naomba tuzilinganishe, hasa kwa upande wa umeme ambao vifaa vyenyewe vinakula, kwa kuwa betri ni ndogo na ukuta ukishapigwa plasta hauchimbuliwi kirahisi.

Fundi_Nyaya

Ndugu Mjenzi, tuanze na waya, kwa sababu ndio utakaobaki ukutani hata swichi zikibadilishwa. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.47. Taa moja ya wati 5 huvuta ampea 0.4 hivi, kwa hiyo njiani hupotea volti 0.2 tu, kiasi kisichoonekana kwa macho. Lakini ukiunganisha taa sita mwishoni mwa waya huohuo, mkondo unafika ampea 2.5 na unapoteza karibu volti 1.2, yaani moja ya kumi ya umeme wote. Waya wa milimita mraba 2.5 hupunguza hasara hiyo hadi volti 0.7. Mfumo wa volti 24 ungeipunguza zaidi, kwani mkondo unakuwa nusu, na kinachopotea kwenye waya wa 1.5 ni volti 0.6 kati ya 24. Kama betri bado haijanunuliwa, lifikirie hilo kwa uzito.

Kuhusu njia zako tatu, mimi nachagua swichi ya kawaida. Wapo wanaosema kwamba swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa gridi haifai kwa mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), na wana sababu: mkondo geu (AC, wa gridi) wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayoruka swichi inapofunguka huzimika yenyewe, ilhali mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri kamwe. Hata hivyo, kwenye volti 12 au 24 na mkondo usiofika hata ampea 2, cheche haina nguvu ya kuendelea. Kwenye volti 48 ningekuambia ununue swichi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mkondo mnyoofu. Epuka tu zile zenye kitaa kidogo cha kiashiria, kwa maana kitaa hicho kinahitaji volti za gridi na hapa hakitawaka.

Bi_Nishati

Naungana na Fundi, na naomba niweke hesabu mezani. Taa nane za wati 5 zikiwaka saa nne kila usiku zinakula wati-saa 160. Sasa chukulia kila kifaa cha Wi-Fi kinavuta nusu wati muda wote, iwe taa imewaka au imezimwa: vifaa vinane kwa saa 24 ni wati-saa 96. Ruta ya wati 6, ambayo nayo haiwezi kuzimwa, inaongeza wati-saa 144. Jumla ni 240, maana yake kuamrisha taa kunagharimu umeme mwingi kuliko taa zenyewe! Kwa mwenye gridi hayo ni makombo. Kwa mwenye betri ndogo, hasa siku za mawingu, ni usiku mzima wa mwanga.

Relei nazo ziangaliwe kwa makini. Relei ya kawaida, kama zile za magari, hula wati moja na nusu au zaidi muda wote ambao taa inawaka, na kwa taa ya wati 5 hiyo ni karibu theluthi moja ya nyongeza. Ukipenda njia ya vitufe, tafuta relei inayobaki pale ilipoachwa, ambayo huhitaji umeme kwa sehemu ya sekunde tu inapobadilishwa.

Kijana_wa_Sensa

Naheshimu hesabu ya dada Bi_Nishati, lakini isichukuliwe kuwa kila kitu cha kujiendesha ni mzigo. Sensa inayohisi mtu akipita, ya volti 12, hutumia umeme mdogo sana ikiwa imetulia, na ikifungwa chooni au kwenye korido huokoa umeme kwa sababu hakuna atakayesahau kuzima. Na kama ruta itawaka vyovyote kwa ajili ya mambo mengine, kifaa kimoja cha Wi-Fi kwenye taa ya nje, kwa mtu anayesafiri mara kwa mara, kinalipa gharama yake. Tatizo ni kuvifunga nyumba nzima.

Mzee_Betri

Kwa taa ya nje kuna njia rahisi zaidi. Chaji kontrola nyingi (vifaa vinavyosimamia kuchaji betri kutoka kwenye paneli) zina sehemu ya kuunganisha taa yenye mpangilio wa kuwasha jioni na kuzima alfajiri au baada ya saa kadhaa. Haihitaji sensa ya mwanga, kwa kuwa kontrola inasoma volti za paneli: zikishuka, inajua kumekuchwa, na zikipanda, inajua kumekucha. Sehemu hiyo pia hukata taa betri ya risasi inaposhuka hadi volti 11 na ushee, na hivyo kuilinda isiharibike.

Jambo lingine ambalo halijaguswa: hiyo betri ya "volti 12" haikai kwenye 12. Ikichajiwa hufika 14.4 na zaidi. Nunua taa zilizoandikwa kuwa zinapokea volti 10 hadi 30, kwa sababu ndani yake kuna saketi inayosawazisha mkondo. Mkanda wa LED wenye vipingamizi tu utawaka kwa ukali mchana betri ikijaa, utapata joto na kufa mapema.

Mjenzi_Mpya

Nashukuru sana, na shikamoo Mzee. Yamebaki mawili: korido inahitaji kuwashwa kutoka ncha zote mbili, na chumbani ningependa kupunguza mwanga.

Fundi_Nyaya

Korido itumie swichi mbili za njia mbili, zikiunganishwa vilevile kama kwenye umeme wa gridi, ila kumbuka kuhesabu urefu wa waya unaopita kati yake. Ukitaka kuwashia sehemu tatu au nne, hapo ndipo relei ya Bi_Nishati inashinda, kwa kuwa vitufe vyote huunganishwa sambamba kwa waya mwembamba kama wa simu.

Chumbani, usitumie kipunguza mwanga cha umeme wa gridi. Tafuta cha volti 12 kinachokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa, na hakikisha taa yenyewe inakubali kupunguzwa. Vingi vya aina hiyo hukata upande wa hasi. Kwa hiyo waya wa hasi wa chumba hicho uende peke yake hadi kwenye kifaa. Ukiuunganisha na hasi za vyumba vingine ndani ya boksi la ukutani, umeme utakizunguka kifaa, na taa itawaka kwa nguvu zote bila kuzimika.

Swichi nyingine zote ziwe upande wa chanya, na fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo ya chanya ya betri. Ukubwa wake ufuate waya: ampea 10 zinatosha kwa milimita mraba 1.5, na fyuzi bapa za magari zinafaa kwa volti 12 na 24. Na tafadhali andika "12V" kwenye kila kishikio cha taa, maana balbu za volti 12 na za gridi hutumia vishikio vya aina moja.