MREJESHO: Umbali wa ndege, Lubumbashi hadi Guangzhou

Wandugu, niliuliza ni kilomita ngapi kwa ndege kutoka uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, hadi Guangzhou, China, ambako dada yangu anayeuza katika soko la Kenya (mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si ile nchi) hufuata nguo. Asanteni sana, jibu limepatikana.

Aliyenikataza kupima kwa rula kwenye ramani ya ukutani kanisaidia mno. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi huonekana imepinda ikichorwa kwenye karatasi. Nilichukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Luano iko karibu nyuzi 11.6 kusini mwa ikweta, hivyo huandikwa na alama ya kutoa: -11.6. Hapo pataka umakini, ukiisahau umeuhamishia uwanja kaskazini! Nikatumia fomula ya haversine, inayokokotoa umbali kati ya sehemu mbili juu ya tufe, na nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371. Ikatoka kama 10,100, yaani karibu robo ya mzunguko wa dunia.

Dada akipitia Addis Ababa, Ethiopia, ni kama kilomita 2,600 kisha 8,040, jumla 10,640. Kituo hicho kinaongeza takriban 540 tu, jambo lililonifurahisha kweli. Safari yenyewe huzidi kidogo, maana rubani hufuata njia za anga alizopangiwa na hukwepa hali mbaya ya hewa.