Ng'ombe walichanjwa na bado wanatoa udenda, jirani anasema nipake wazima mate ya wagonjwa

Mchungaji_Kimya
Wakuu habari za kazi. Nina ng'ombe wa maziwa na mbuzi kidogo, tangu juzi ng'ombe wawili wamegoma kula, udenda unaning'inia mpaka chini, mmoja anainua mguu anautikisatikisa, nimemfungua mdomo ngozi ya ulimi inabanduka yenyewe. Maziwa yameshuka ghafla. Sasa hawa walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo mwaka huu huu, chanjo ilikuwa feki au vipi? Halafu jirani ananiambia nichukue mate ya wagonjwa niwapake wazima mdomoni waugue wote kwa mpigo yaishe, eti wazee ndio walivyokuwa wanafanya. Nifanye? Na mbuzi niwahamishie kwa ndugu yangu kabla hawajaambukizwa?

DawaZaZizi
Pole sana mkuu. Kwanza mbuzi WASITOKE. Mbuzi na kondoo wanaugua kimyakimya, anachechemea kidogo unadhani ni jiwe kumbe ameshabeba virusi. Uingereza 2001 ilifika huko, kondoo walishauzwa na kusafirishwa huku na kule kabla ugonjwa haujagundulika, mwisho wa siku mifugo zaidi ya milioni 6 ikachinjwa.

Chanjo si lazima iwe feki. Virusi hivi viko aina saba, O, A, C, Asia 1 na SAT 1, 2 na 3 (C haijaonekana tangu 2004), na kinga ya aina moja haimkingi ng'ombe na nyingine. Ukichanja O ikaja SAT 2 ni kama hujachanja. Hata ikiwa aina ndiyo yenyewe, kinga inashuka baada ya miezi 4 mpaka 6, na anayechanjwa mara ya kwanza anatakiwa arudiwe baada ya kama mwezi, hapo ndipo wengi wanaishia dozi moja. Ongeza na chupa iliyoshinda juani badala ya kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Muite daktari wa mifugo achukue sampuli ya ngozi ya hayo malengelenge, maabara ndiyo itasema ni aina gani, na nchi nyingi ugonjwa huu ni lazima utolewe taarifa.

Ngombe_Kumi
Mi nitatofautiana kidogo. Hayo ya mate nimeyaona yakifanyika na zizi zima likapona haraka, ng'ombe mkubwa hafi na miguu na midomo bana. Ukiacha waugue mmoja mmoja unakaa karantini miezi.

DawaZaZizi
@Ngombe_Kumi mkubwa ni kweli hafi mara nyingi, ila ndama? Virusi vinamshambulia moyo, asubuhi ananyonya vizuri jioni umemkuta amelala amekufa bila hata lengelenge moja mdomoni. Na ukipaka mate unawafanya wote wamwage virusi kwa wakati mmoja, hewani, kwenye maziwa, kwenye mavi, majirani watakoma. Kuna wengine wakishapona wanabaki kuhema juani na manyoya marefu, maziwa hayarudi tena kama zamani, na chuchu zenye vidonda zinaleta ugonjwa wa kiwele. Sasa hapo umeharakisha nini?

Bi_Kiwele
Mimi niongezee ya kazi za kila siku maana hapo ndipo watu wanajimaliza. Ukishaona udenda ujue wa karibu yake kashavuta hewa hiyo, lakini tenga hivyo hivyo. Anza kulisha na kukamua wazima, wagonjwa mwisho, ukitoka hapo usirudi kwa wazima na buti zile zile. Buti lazima usugue mavi yatoke KWANZA ndio uchovye kwenye dawa, dawa juu ya mavi haifanyi kitu. Virusi hivi havipendi asidi wala alkali, soda ya kufulia gramu 40 kwa lita ya maji inatosha, au asidi ya sitriki, ila usizichanganye pamoja zinauana nguvu.

Wagonjwa wape majani laini na maji safi karibu na wanapolala, vidonda vioshwe kwa maji ya chumvi. Sindano ya antibayotiki haiui kirusi, daktari akiitoa ni kwa ajili ya bakteria wanaoingia kwenye vidonda, msije mkamaliza hela mkidhani ndiyo tiba.

Mchungaji_Kimya
Asanteni sana, mate sipaki na mbuzi wamebaki. Maziwa je? Nina watoto wadogo na nimesikia kuna ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo wa watoto.

Bi_Kiwele
Huo wa watoto ni kirusi kingine kabisa, hautoki kwa ng'ombe. Haya maziwa ya wagonjwa usiyauze wala usiyapeleke kwenye kituo cha kukusanyia, na ndama usimpe mabichi, virusi vinatokea kwenye maziwa hata kabla udenda haujaanza. Ya wazima chemsha yatokote kweli, siyo kupasha. Na yule jirani mwambie asije zizini kwako kuangalia, akitoka hapo anaenda moja kwa moja kwa ng'ombe wake.