Seva ya Minecraft nyumbani: Pterodactyl, Crafty au AMP?

kizota_gemu
Wakuu, habari za Jumapili. Hapa Kizota, Dodoma, nina kompyuta ya mezani ya mtumba, ramu GB 8, Windows. Wanangu na wenzao wenye laptopu, jumla sita, wanacheza Minecraft ya Java. Nimechoka kuitwa kila saa nije kufungua lile dirisha jeusi la amri. Nataka paneli, yaani ukurasa wa kivinjari wa kuendeshea seva, ili seva waiwashe wenyewe. Ipi inafaa? Windows siifuti, mama watoto ana hesabu za duka humo.

wa_ipagala
Pterodactyl achana nayo, mkuu. Ninayo, naipenda, ila inamfaa anayekodisha seva kwa wateja. Paneli inataka PHP na hifadhidata ya MariaDB, halafu kuna Wings, programu ya pili inayoendesha kila seva ndani ya kontena la Docker (kama chumba chake peke yake), na hiyo inakaa kwenye Linux tu. Mimi nilikesha siku mbili naangalia kamoyo kekundu kwenye ukurasa wa nodi, yaani mashine yenye Wings: maana yake paneli haiipati. Kumbe paneli ilikuwa HTTPS na Wings haina cheti cha usalama.

binti_makulu
Weka Crafty, kaka. Ni ya bure na Windows inakubali. Unaifungua kwenye kivinjari kwa poti 8443. Kitakutisha kuhusu cheti, wewe endelea tu, cheti imejitengenezea yenyewe. Watoto wape ruhusa ya kuwasha na kuzima, mafaili wasiguse. Ramu igawie seva GB 3, usiwe na tamaa, Windows nayo inakula. Kama ni toleo la 1.20.5 hadi 1.21.11, Java iwe 21. Na uiwekee ratiba ya nakala rudufu LEO, umeme ukikatika wakati dunia ya gemu inahifadhiwa, utakuja kunitafuta.

chamwino_kwetu
AMP nayo ni paneli, ila ya leseni ya kulipia. Ningekushauri kama watoto wangekuwa wanahamahama, leo gemu la Valheim kesho Terraria. Kwa Minecraft tu, hela kanunue ramu. Na pangusa feni, vumbi letu la kiangazi mnalijua.

kizota_gemu
Crafty imekubali, dakika ishirini. Hapa ndani wote wanaingia. Ila binamu yao wa Singida hapati, na poti 25565 nimefungua kwenye ruta.

wa_ipagala
Ruta inaonyesha IP gani upande wa WAN, yaani upande wa intaneti?

kizota_gemu
Inaanza na 100.72.

wa_ipagala
Basi hilo si la paneli, hata ungeweka AMP. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni CGNAT: IP ya umma mnatumia wateja wengi kwa pamoja, utafungua poti mpaka kuku waote meno. Weka Tailscale, programu ya mtandao binafsi, kwako na kwake. Wakija kuwa wengi walio mbali, tumia playit.gg, huduma ya kupitishia seva yako mtandaoni, wao hawatahitaji kusakinisha kitu.

kizota_gemu
Tailscale imefanya kazi, binamu kaingia. Cha kwanza kalipua nyumba ya mdogo wake kwa baruti, kazi ya wiki nzima, sasa hapa ni kilio. @binti_makulu dada yangu, ile nakala rudufu inawekwa wapi vile?

binti_makulu
Nilisema LEO.