Eksteno ya kutembea nayo: HDD ya TB 2 au SSD ya TB 1? Nipo Kariakoo wiki hii

Msafiri Jr · Jumatatu, saa 2:40 usiku
Habari za jioni wakuu. Kama kichwa cha uzi kinavyojieleza. Nataka kuchukua eksteno, yaani diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, wiki hii. Leo nimezunguka mtaa wa Aggrey mpaka miguu inauma, nimebaki na mbili: Seagate ya TB 2, hizi HDD za kawaida zenye sahani inayozunguka, na Samsung T7 ya TB 1, ambayo ni SSD, ya chipu tupu. Bei zimepishana ila siyo kwa kunitisha. Mimi ni mtu wa kutembea sana. Ipi nichukue? Wenye uzoefu njooni, nisije nikapigwa. Nawasilisha.

Kobe Mwendo
Mkuu, unatembea unaenda wapi na umebeba nini? Kuna anayetembea na CV yake tu na kuna anayetembea na harusi za watu. Taja kazi, taja kompyuta, taja bajeti. Bila hayo tutakupangia kama tunanunua ya kwetu.

Ngalawa
SSD. Mjadala umefungwa.

Mzee wa Kimara
Haujafungwa popote. Eksteno yangu ni HDD, imegombania mwendokasi, imevuka Kigamboni, imekwenda Songea na basi chini ya kiti, na mpaka leo inasoma. Vijana mnapenda vitu vyepesi. HDD ikitaka kufa inakuaga: inakuwa nzito, inagonga gonga, unapata nafasi ya kuhamisha vyako. SSD inalala nzima inaamka maiti.

Ngalawa
Mzee shikamoo. Hiyo yako imesalimika kwa sababu ilikuwa imezimwa ukiwa safarini. Idondoke kutoka mezani wakati inazunguka uone. Ndani kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake, hakigusi. Kikigusa, hiyo kuaga unayosema utaisikia wewe, mafaili hayatasikia. SSD haina kinachozunguka.

Mzee wa Kimara
Marahaba. Mimi siweki vitu pembeni ya meza.

Binti Magomeni
Msafiri, kabla ya yote, laptopu yako ina tundu gani? Watu wananunua T7 kwa sababu kwenye boksi imeandikwa MB 1,050 kwa sekunde, halafu wanaichomeka kwenye USB 2.0 ya laptopu ya zamani wanapata MB thelathini na ushee. Hapo HDD na SSD ni ndugu. Chungulia ndani ya tundu, kile kiulimi kikiwa cha bluu mara nyingi ni 3.0. Kikiwa cheusi kitilie shaka.

Msafiri Jr · Jumanne, saa 1:15 asubuhi
Asanteni wote. Napiga picha na video za harusi, sendofu, kipaimara. Wiki hii niko Mbezi, wiki ijayo Morogoro, mara Zanzibar. Laptopu ni HP. Sasa ipi?

Kobe Mwendo
"Laptopu ni HP." Haya. Na bajeti?

Fundi Swichi
Tumfanyie hesabu basi. Ukirekodi 4K kwa Mb 100 kwa sekunde (Mb ni megabiti, nane ndizo MB moja), ambayo kamera nyingi za harusi zinatumia, saa moja ni GB 45. Kamera mbili, saa nne kila moja, tayari una GB 360 kwa shughuli moja. Hiyo TB 1 kwenye Windows utaiona kama GB 931, usije ukarudi dukani kugombana, si kwamba wamekuibia, ni namna ya kuhesabu tu. Kwa hiyo harusi mbili zinaingia, ya tatu inabaki mlangoni. Kwa ujazo, TB 2.

Halafu Ngalawa, kasi ya SSD haikusaidii kila mahali. Anayehamisha kutoka kwenye kadi ya kamera ya UHS-I, daraja la kasi la kadi nyingi, kwa kisomeo cha kawaida anaishia MB 100 hivi kwa sekunde, kadi yenyewe ndiyo inayochelewesha. HDD nzuri inafika hapo. Atakaa ukumbini muda ule ule, awe na T7 au asiwe nayo.

Ngalawa
Na akianza kuediti humo humo kwenye eksteno? Aweke kamera mbili sambamba kwenye HDD uone picha zinavyokwama kwama. Na HDD nyingi ndogo za sasa ni za SMR, yaani mistari ya data imelaliana kama vigae, ukimimina GB 300 kwa mkupuo inaanza na mbio, katikati inatambaa.

Fundi Swichi
Hilo la kuediti nakupa. Lakini hajasema anaediti wapi.

Chai Maziwa
Mnabishania HDD na SSD, mimi naomba niseme habari ya tundu. Kampuni siitaji, duka silitaji.

Nilikuwa na HDD ya TB 1, nyembamba, imetulia, yenye lile tundu pana lililogawanyika mara mbili. Kazi yangu ni kuhoji wakulima kwa ajili ya miradi, kwa hiyo sauti, picha, fomu, kila kitu kilikuwa humo. Tumetoka Ifakara, nimefika Dar nachomeka, taa inawaka, inazima, inawaka. Nikiubonyeza waya kwa dole gumba kuelekea kushoto inasoma, nikiachia inapotea. Nikabadilisha waya, hali ile ile. Nikawa nafanya kazi nimeweka kiberiti chini ya waya ili uinuke kidogo, na nyumbani nimepiga marufuku mtu kuigusa meza. Siku moja hata kiberiti hakikufua dafu.

Nikaenda kwa fundi mjini. Akaniambia dada hii ni dakika kumi, ndani kuna diski ya kawaida ya laptopu, tunaitoa kwenye kava hili tunaipeleka kwenye lingine. Akapenyeza bisibisi bapa, kava likafunguka, akanyamaza. Ndani hakuna tundu la SATA, lile la diski za kawaida za laptopu. Tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. Akasema basi nalichomelea upya. Alipolinyanyua likatoka na njia za shaba zilizokuwa chini yake, nyuzi kama nywele, nimeziona kwa macho yangu zimebaki kwenye koleo.

Fundi wa pili akatafuta bodi ya namba ile ile, akahamisha na kichipu. Diski ikazunguka vizuri kabisa. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuifomati. Ndipo nikaelezwa kwamba baadhi ya hizi eksteno zinafunga data zenyewe kupitia chipu ya bodi ya awali, hata kama hujawahi kuweka nenosiri. Bodi ya awali ilikuwa imeshatupwa na yule wa kwanza. Sauti nilipata nusu, kwa sababu mwenzangu mmoja alikuwa hajafuta kwenye simu yake. Fomu tulirudi Ifakara kujaza upya, na mradi haukulipa nauli ya mara ya pili.

Kwa hiyo sahani zangu zilikuwa nzima na kichwa kilikuwa kizima. Kilichoua ni tundu. Siku hizi naangalia kwanza kama eksteno ina tundu la USB-C, linashika, halichezi cheze.

Kobe Mwendo
Pole sana dada. Hilo la kufungwa data bila mwenyewe kujua mimi nilikuwa silijui.

Fundi Swichi
Pole. Lakini tusiwabebeshe mafundi kila kitu. Mteja anakuja na tundu limelegea miezi, ameliwekea viberiti, anataka litoke zima. Pia kuna wanaobeba eksteno kwenye begi waya ukiwa bado umechomekwa, kila tuta la barabarani tundu linakula mzigo.

Chai Maziwa
Fundi mimi sijabeba waya umechomekwa. Na bodi ya mteja haitupwi.

Fundi Swichi
Hapo kwenye kutupa bodi niko na wewe.

Kijana wa Posta
Mbona mnahangaika na vyuma? Weka mtandaoni, popote ulipo unafungua.

Binti Magomeni
Google wanakupa GB 15 za bure, hazitoshi hata sherehe za kukata keki. Unaweza kulipia zaidi, sawa. Lakini hizo GB 360 za Fundi, kwa laini inayopandisha Mb 10 kwa sekunde bila kukatika, ni saa 80. Bila kukatika, Dar hii, umeme ukiwepo. Na bando analipa nani, bwana harusi?

Kijana wa Posta
Nilimaanisha picha.

Duka Mkononi
Eksteno zote zipo, orijino, jumla na rejareja, tunatuma mikoani. Njoo inbox.

Kobe Mwendo
Bosi weka bei hapa hapa, inbox tunaenda kufanya nini?

Binti Magomeni
Na risiti ya EFD unatoa? Msafiri, hapa ndipo pa kuwa macho. Kuna "SSD za TB 16" zinauzwa kwa bei ya viatu. Ndani ni kadi ya memori imebandikwa kwa gundi, imedanganywa iseme ni TB 16. Inapokea mafaili yote, majina unayaona, ukifungua hakuna kitu. Nenda na laptopu, weka programu ya H2testw, inaandika mpaka mwisho halafu inasoma ilichoandika. Kwa TB 1 inachukua muda mrefu, hutamaliza dukani, kwa hiyo mkubaliane kabisa siku za kurudisha na ziandikwe.

Mzee wa Kimara
Mimi ushauri wangu haujabadilika sana. Kwa pesa ya hiyo T7, chukua HDD mbili za TB 1 za kampuni tofauti, nakili zote mbili usiku ule ule. Moja ibaki nyumbani, nyingine tembea nayo. Ikiibwa moja, harusi ya mtu ipo. Hakuna atakayekuja kukuuliza ilinakiliwa kwa kasi gani.

Ngalawa
Mzee hapo kwenye nakala mbili umeongea. Ila ya kutembea nayo iwe SSD.

Msafiri Jr · Jumatano, saa 4:05 usiku
Wakuu nimewaelewa sana. Pole dada Chai Maziwa. Nilisahau kusema, kuna sehemu nyingine natumia MacBook ya rafiki yangu kuediti. Na je, naweza kuichomeka kwenye TV watoto waangalie katuni?

Kobe Mwendo
Siku ya tatu ndiyo tunaambiwa kuna MacBook.

Fundi Swichi
Basi ifomati exFAT, yaani mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye diski; nyingine ni NTFS na FAT32. NTFS Mac inaisoma ila haiandiki, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, video zako zitagoma. exFAT zote mbili zinasoma na kuandika. Ubaya wake, ukichomoa bila kuiaga kompyuta inaharibika kirahisi kuliko NTFS. Upande wa TV inategemea. Nyingine hazitambui exFAT kabisa.

Ngalawa
Usiwape watoto eksteno yenye harusi za watu. Wanunulie flashi ya GB 32.

Msafiri Jr
Sawa mkuu. Jumamosi nashuka Kariakoo na laptopu nikajaribu hiyo programu.

Binti Magomeni
Jumamosi? Na laptopu mgongoni, Kariakoo? Nenda katikati ya wiki asubuhi, maduka yakifunguliwa tu. Na begi livae mbele.

Mzee wa Kimara
Ashukie Gerezani atembee, asijaribu kuingia na gari. Mimi juzi nimetafuta pa kuegesha mpaka nikarudi nyumbani.

Kobe Mwendo
Mzee, si uliegesha Kimara ukapanda mwendokasi?

Mzee wa Kimara
Foleni ya kituoni siku ile ulikuwepo?